Sifuri na Tano

Ijumaa, saa kumi na moja kasoro, Eneo la Viwanda.
Kinu kinanguruma chini ya sakafu yangu,
chai inatetemeka kikombeni,
imevaa utando mweupe: unga, si maziwa.

Leo riba inakwenda Mumbai.
Milioni nne, kamili, zisipungue senti,
maana Bwana Mutiso alipotia saini mkopo wa vinu vipya
hakufika kifungu cha kumi na saba:
*kodi yoyote itakayozuiwa, mkopaji ataifidia.*
Mzigo wa mgeni, kichwa cha mwenyeji.

Sheria yetu yasema: kumi na tano kwa mia, zuia kabla hazijavuka.
Mkataba wa nchi mbili wasema: kumi.
Kati ya kumi na kumi na tano
pana laki mbili na sitini na ushei,
pana zamu nzima ya usiku na mishahara yake.

Niliomba cheti cha ukaazi. Kikaja,
mhuri wa buluu, sahihi kama mguu wa buibui.
Nikapiga hesabu kwa kumi, nikapiga na mluzi.

Ndipo Chepkirui wa ukaguzi akainama begani pangu,
akauliza kama shangazi aulizaye mahari:
"Mkaaji tumemwona. Mwenye mali ni nani?"

Swali la kwetu hilo. Nyamira
ng'ombe hulala zizini mwa jirani miaka saba
na kijiji kizima kinajua maziwa ni ya nani.

Nikafungua orodha ya wenye hisa.
Mumbai pana mlango.
Nyuma ya mlango, kampuni; nyuma ya kampuni, kampuni;
kisha kisiwa,
na kisiwani sanduku la posta.
Theluthi mbili za hisa zimelala humo,
hazina uso, hazina hata viatu mlangoni.

Mkataba ni mwavuli.
Haumfuniki aliyekodi mpini tu.

Mutiso amepiga simu mara tatu.
"Weka kumi, Kerubo. Nani atachungulia?"

Kinu kimezimwa. Langoni zamu zinapishana,
Wekesa anakung'uta kofia, wingu dogo linabaki hewani
mahali alipokuwa.
Laki mbili na sitini. Jumatatu nitazitafuta
kwenye dizeli, kwenye magunia, sijui.

Nafuta sifuri. Naandika tano.
Kompyuta inauliza: una hakika?

Natoa utando kwa ncha ya kijiko.
Chai imepoa. Nainywa hivyo hivyo.