Zenoni wa Wapi

Faili mbili, rangi ya udongo, kona zimeliwa na mende:
Zenoni Ofwono. Zenoni Ofwono.
Karani ni mimi. Ni mimi niliyechomoa ya juu
alfajiri ile, taa ya masjala ikikonyeza,
nikamtuma kijana wa bodaboda: nenda Kisoko,
kamwambie mama yake.

Kabla sijafukuzwa seminari
padri mmoja alitusomesha Wagiriki wa kale,
chaki ikimdondokea kanzuni.
Walikuwako Zenoni wawili, alisema, msiwachanganye.
Wa Elea aliapa kwamba mshale hauruki,
na mwenda njia hufika nusu,
kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo,
hafiki.
Wa Kitio alikuwa mchuuzi. Meli yake ilizama na mali yote,
akaingia kwa muuza vitabu, Athene,
akatoka amejifunza kutolia.
Mimi niliwachanganya. Nilipata nne kwa ishirini.

Nesi Nyachwo akanishika bega:
"We, aliyekufa ni wa Mulanda."
Wa Kisoko alikuwa kitandani, anadai chai.

Nikachukua baiskeli ya mlinzi.
Mwamba wa Tororo mgongoni, kila nikigeuka uko palepale.
Nusu ya njia.
Penye mihogo iliyoanikwa kando ya lami, nusu ya nusu.
Mnyororo ukachomoka, nikaurudisha, vidole vyeusi.
Nusu ya hiyo.
Mzee wa Elea, nilisema kwa sauti, mbuzi wakinishangaa,
kama ulisema kweli, basi hata yule kijana hajafika;
habari yangu imening'inia juu ya mtama,
mshale uliosimama.

Alikuwa amefika.
Nilisikia kabla sijaona.
Walikuwa wameshatoa viti nje, mtu anapasua kuni.
Nikapiga magoti, nikasema yote:
jina, faili, taa, mkono huu.

Mama hakunipiga. Alifungua kitenge,
akakifunga upya, kwa nguvu zaidi.
Akauliza kama mwanawe amekula.
Nikasema, anadai chai.
"Anapenda sukari nyingi," akasema. Halafu:
"Jina hili nimekwisha kulililia.
Huko Mulanda, mwenzangu atalilia lipi?"

Akakaa tena chini
akaendelea, taratibu sasa,
kama mtu anayepalilia shamba la jirani.

Baiskeli ilikuwa imelala vumbini,
gurudumu la mbele bado linazunguka.
Mulanda
sikuwa nimetuma mtu.