Kwa Muthoki, Aliyetaka Kitu cha Kutazama

Muthoki, umeandika saa nane usiku
maneno manne: Nipe kitu cha kutazama.
Hukusema usingizi umekukimbia,
lakini mtu aliyelala haulizi hivyo.

Basi anza na redio.
Najua umesema kutazama. Anza na redio.
Jumanne, saa tatu na nusu, Faili la Kijani:
karani wa ardhi kaficha hati
ndani ya bitana ya koti la marehemu,
na tangu Machi koti linazunguka mji,
limeuzwa Gikomba, limefuliwa Mathare,
limevaliwa harusini Dandora na bwana harusi asiyejua kitu.
Kinachonishika si hati. Ni yule anayetengeneza sauti:
nyayo, komeo, maji ya beseni.
Juzi alikunja karatasi, moja tu,
nikazima jiko nisikilize.

Kitabu nilikipata kwa Gathogo, kando ya barabara ya Latema,
shilingi themanini, hakina jalada wala kurasa za mwisho.
Mhasibu wa kiwanda cha chumvi anamwandikia mkewe barua,
na mkewe yuko chumba cha pili. Ndiyo hayo tu.
Nimekisoma mara mbili. Nilimuuliza Gathogo kinaishaje.
"Themanini," akasema, "ni bei ya mwanzo na katikati."
Nitakuazima. Usikunje kurasa.
Usinisimulie mwisho utakaoubuni.
Au nisimulie, ila polepole.

Filamu usinisumbue nazo mwaka huu.
Moja, labda. Halkano huionyesha Ijumaa
nyuma ya duka lake la vipuri, ukutani,
palipopakwa chokaa ufa ukakataa kufunikwa.
Kila shujaa akisimama kushoto
ufa humpita shavuni kama kovu,
na pale sote tumekubaliana alilipata vitani.
Ukiitazama kwenye simu, shavu zima,
sidhani utaipenda.

Ule mfululizo wa polisi, ambao ofisi nzima inausifu:
nimejaribu. Wahalifu wana meno mazuri mno.

Kuna mchezo wa simu, wa kupanga vigae vya paa
kabla mvua haijafika. Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea.
Nimekwama daraja la sitini na mbili;
kila siku saa saba mchana nyumba yangu inavuja
mbele ya wenzangu na sahani ya githeri.
Usiuanze. Nakutakia mema.

Sasa sikiliza. Hili sijamwambia mtu.
Bwana Ambani wa orofa ya tano, mstaafu wa reli,
amenunua tarumbeta mnadani.
Kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari
hupanda juu ya paa, katikati ya matangi na kamba za nguo,
akapuliza wimbo mmoja, uleule,
hadi pale unapopanda, noti ya saba,
ikapasuka kama yai.
Anakohoa. Anaanza upya.
Hapa Ngara madirisha yamezoea kufunguka saa hiyo.
Mama Tirsa husimamisha mwiko hewani.
Kijana wa chini hufunga bomba na sabuni machoni.
Tumewekeana dau, mimi nimepoteza mia nne.

Alhamisi iliyopita alifika noti ya sita,
akanyamaza.
Hakupuliza. Tukasikia ngazi, viatu vyake vikishuka.
Hakuna aliyefunga dirisha.
Na wallahi, Muthoki, noti tuliisikia;
Mama Tirsa amekuja asubuhi kudai pesa zake
na sikuwa na la kumbishia.

Sijui kama hiyo ndiyo burudani uliyoitaka.
Njoo Alhamisi. Nina viti viwili, kimoja kina mguu mbovu,
nitakikalia mimi. Leta blanketi, paani kuna upepo.
Kitabu utakikuta.

Na uangalie saa ya ujumbe huu.
Nilikujibu baada ya dakika mbili.