Mwita Paa

Walinipa kipaza sauti, niseme neno la marehemu.
Nikasema alikuwa mpole, jirani mwema,
msikitini hakukosa safu ya mbele.
Wakaitikia. Nikaketi.
Lakini hayo husemwa kwa kila maiti wa Miritini,
na Mwadzaya hakuwa kila maiti.
Yaliyonikwama kooni nayaandika hapa.

Kabla yake wasasi waliita kwa jani,
jani changa la mkwamba baina ya vidole gumba.
Likinyauka, sauti yapasuka kama ya mvulana anayebaleghe,
na paa si mjinga: akisikia ufa ndani ya kilio
hugeuka, mkia ukikupa kwaheri.

Yeye alikwenda kwa Vasanji, mpiga picha wa Salim Road,
akaomba vipande vya filamu vilivyokwisha kazi.
Akakata ukanda mwembamba kama ulimi wa mjusi,
akaubana katika mpasuko wa kijiti cha mpera,
akaufunga kwa mpira wa baiskeli.
Ndani ya ukanda mlikuwa na bibi arusi.
Nani, hatukujua. Uso mweusi, nywele nyeupe,
dunia imegeuzwa nje ndani kama fulana.
Akipuliza, yule bibi arusi alilia
kwa sauti ya mtoto wa paa aliyenasa.

Mimi nilikuwa mbeba maji, umri wa kuanza kufunga.
Tuliegemea kichuguu huko nyuma ya Mazeras,
yeye akitikisa kitambaa cha majivu apime upepo,
matajiri wa Kizingo wakikohoa, wakitazama saa.
“Mkitazama saa,” aliwaambia, “paa naye atazama yake.”
Kisha aliita. Mara mbili, si tatu.
Ya tatu ni tamaa, alisema, na tamaa ina harufu.

Bunduki hakuwa nayo. Maishani mwake hakufyatua hata moja.
Sijui kama hilo lampunguzia mzigo au lamwongezea:
paa jike hakufa kwa kuikimbia risasi,
alikufa kwa kuja.
Nimewaona wakija, masikio mbele, chuchu zimejaa.
Sitakipamba kifo hicho.

Mwaka usasi ulipopigwa marufuku
askari walipita nyumba kwa nyumba na daftari:
bunduki, risasi, pembe, ngozi.
Filimbi haikuwa na safu yake daftarini.
Karani aliigeuza, akaipuliza kidogo, akacheka,
akamrudishia.

Akawa mlinzi wa bohari pale Makupa,
chumba kimoja Majengo, ua wa nyumba sita.
Usiku mmoja wa mapumziko, kwa upweke au kwa mazoea,
akaita. Mara moja tu.
Dirisha la Bi Mwanatumu likafunguka kwa kishindo:
“Mwadzaya! Wanitakia nini?
Kanga yangu yote yalowa, na mtoto wala hakuamka!”
Ng'ambo ya ua mwengine naye akaguna,
maziwa yamtiririka gizani, hajui kwa nini.
Ua mzima ulicheka mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilimkuta kizingitini, filimbi mapajani.
“Kumbe ndilo nililokuwa nikiwafanyia,” alisema.
Akaomba uji.
Neno lile hakulirudia, wala mimi sikumuuliza.

Juzi kijana wa chuo, mpenda ndege,
alinichezea mlio wa kwale kwenye simu,
akaniambia huu ndio ujuzi mpya.
Nikamwambia: keti.

Filimbi ninayo. Mpira umeoza, nimeufunga kwa uzi wa nyavu.
Nikiiinua kwenye taa, bibi arusi yungaliko,
amekwaruzika shavuni, bado yuwangoja kupigwa picha.
Baada ya hitima nilikwenda nyuma ya nyumba,
treni mpya ikinguruma juu ya nguzo zake,
nikaiweka mdomoni. Sauti ilitoka nusu.

Paa hakuja. Atoke wapi?
Alikuja mbuzi wa jirani, kamba shingoni, kigingi kikiburuzika vumbini,
akasimama hatua nne mbele yangu,
akanitazama mdomo.
Nami nikakosa la kumwambia.