Wadeni wa Baba

Kabla ya viwanja vyenye taa na majina ya benki
ulikuwepo ua wetu wa saruji, Mbale,
nyuma ya duka, chini ya ukuta wa Wanale,
pa kuanikia kahawa.
Msimu wa mavuno hapakuchezwa kitu.
Kahawa ikishauzwa, Shadhia alifagia,
akatundika magunia matatu kwenye kamba,
nami, mdogo wake, nikasimama upande wa pili
na ubao wa kreti la soda.

Punje zilizosahauliwa kwenye nyufa
ziliupotosha mpira. Uliruka ovyo, kama mwana-mbuzi.
Ndipo alipojifunza kungoja kidogo,
kutouamini mpira mpaka umekwisha kuinuka.
Baadaye watangazaji walikiita kipaji.
Mimi nakijua. Ni kahawa.

Hakuna Mwarabu wa kwetu, mwanamke,
aliyewahi kula mkate wa raketi kabla yake.
Sokoni walimwita Mwarabu.
Doha wakamwuliza ametoka Afrika ipi.
Mama, Mgisu wa Bududa, alicheka kwenye simu:
"Waambie umetoka jikoni kwangu."
Refa mmoja alilivunja jina la Bajunaid mara tatu,
akachoka, akasema tu: Uganda, anza.

Baba hakwenda kumtazama.
Alisema sketi ile ni fupi kuliko subira yake.
Shadhia akavaa suruali ndefu chini ya sketi;
Baba akasema basi subira ndiyo imefupika.
Lakini simu ilipolia usiku,
"nimelala stesheni," "nimetolewa raundi ya kwanza,"
alizima redio, akajitia kufuta mawe ya mizani,
jiwe moja, robo saa nzima.

Mia nne na sita. Mia tatu na kumi.
Mia moja themanini na tisa, mwaka ule wa mvua nyingi.
Hesabu ngeni kwa nyumba ya wachuuzi:
kadiri inavyopungua ndivyo unavyotajirika.
Kisha bega. Sindano, Kampala, sindano tena.
Mia tano na kitu.
Halafu jina likatoka kwenye orodha
bila hata mtu kulitoa.

Baba alipofariki nilifungua daftari la madeni,
lile lililokaa chini ya kibao
DAWA YA DENI NI KULIPA.
Mbele, wakulima na sukari yao, sabuni, mafuta ya taa.
Nyuma kabisa, kwa herufi zake za Kiarabu:

Mcheki, seti mbili.
Msichana wa Tunis, seti mbili na pointi moja ya wizi.
Mjapani mrefu, seti mbili. Na bega.

Kila aliyemshinda bintiye alikuwa mdeni wake.
Na Shadhia alipokutana tena na Mcheki, Nairobi,
akamlaza sita-nne, sita-nne,
hapo pana mstari mwekundu, na neno: amelipa.
Watatu hawajapigwa mstari mpaka leo.

Nilimpelekea. Alikuwa uani na watoto kumi na mmoja,
wengine na hijabu, wengine peku,
nusu ya saruji kahawa, nusu mpira,
siku hizi hatugombani tena na msimu.
Alisoma amesimama. Aliposoma "na bega"
alilishika, kama mtu anayekumbuka ufunguo.
Sikuona chozi. Aliomba kalamu.

Ukurasa mpya. Akaandika jina la Baba, kamili,
mpaka la babu aliyeshuka Mombasa na mzigo wa ubani,
na mbele yake:
mechi mia mbili na tatu, hakuja kutazama.
Akakaa na kalamu mkononi, akiuangalia ule mstari usiokuwapo.

"Mwalimu!" mtoto akapaza sauti.
"Mpira umeingia kwenye kahawa."

Akaniachia daftari likiwa wazi,
akaenda kuutafuta.