Mgongo kwa Jua

Unaniuliza, mgeni, wapi pazuri pa kupiga picha.
Simu yako ina macho matatu na yote yananitazama.
Keti. Ngoja nitoe bahasha za marehemu baba,
Athmani Mbwarali, mpiga picha wa Pembe za Ndovu.
Mia mbili na kumi na moja, hazina wenyewe:
watu walilipa nusu, wakasema watarudi kesho.
Kesho ya Mombasa ni ndefu.

Anzia Pembe, lakini uwahi,
saa kumi na mbili na nusu, tuktuk hazijaamka vizuri.
Baba alikuwa akilala chali juu ya lami
ili zote nne zimwingie, na kipande cha mbingu.
Huyu hapa ni Mutinda wa Kitui, koti la kuazima,
vifungo vimekosea matundu.
Nyuma ya picha kaandika: *Mwambieni mama nimefika.*
Kafika kweli.
Picha ndiyo haikufika.

Ngomeni usipige ukuta mzima,
kila mtu anao ukuta mzima.
Sogea hadi uone kombe zilizolala ndani ya jiwe,
na ile rangi, machungwa ya juzi.
Jengo kubwa ni kama bibi harusi, baba alisema:
mpige mkono,
hina itaeleza yaliyobaki.

Mji wa Kale, ingilia Ndia Kuu.
Saa sita jua hushuka katikati ya roshani
kama utepe, halikai hata robo saa.
Piga hodi. Mlango wenye nakshi ni uso wa mtu.
Baba hakubisha siku moja, na Bi Maimuna Shee
akammwagia maji ya mchele kutoka ghorofani.
Hiyo hapo:
maji yako hewani, meupe, hayajamfikia,
na mdomo wa bibi umefunguka kwenye tusi
ambalo mpaka leo halijamalizika.
Sijaona picha ya mji huu inayoishinda hii.

Likoni, weka simu mfukoni.
Askari hawana mzaha, na mimi sitakuja kukutoa.
Kivuko kitazame tu kwa macho uliyozaliwa nayo.

Mama Ngina nenda alasiri, ununue viazi karai,
uache ukwaju ukuchafue vidole.
Hawa wawili ni Kache na Nyambu,
amemshika bega kama mtu anayeshika sufuria ya moto.
Waligombana kabla ya picha, baba alinisimulia,
wakagombana na baada.
Kila mmoja alidhani mwenziwe ataichukua.

Ukipata muda, fika Bamburi.
Palikuwa shimo la saruji; pamechimbwa, pamechoka,
kisha pakapandwa miti.
Saa tisa twiga hula mkononi mwako,
ulimi mweusi, mrefu kama soksi ya mwanajeshi.
Watoto wote katika picha za Bamburi wamefumba macho.
Baba hakuwarudishia wazazi hata senti.

Sasa tazama chini. Si nyuso. Chini, ukingoni.

Mpiga picha, mgongo kwa jua: hiyo ndiyo sheria aliyonifunza,
akaifuata miaka thelathini na mmoja.
Kwa hiyo huyu hapa, miguuni pa Mutinda,
kofia na viwiko viwili vimepanuka kama masikio ya birika.
Huyu hapa tena, amepanda sketi ya Kache.
Huyu hapa amelala kwenye nyasi, twiga anamkanyaga.
Nimemhesabu mara themanini na nne.
Tulipotafuta picha ya kuweka sebuleni, baada ya matanga,
tulikosa hata moja.
Ile ya kitambulisho ilikuwa imefutika pua.

Dada yangu anataka nizichome, zinaleta mende.
Nimemwambia nitazichoma kesho.

Maliza chai, basi.
Na uvae shati usilolionea huruma:
nataka nikuonyeshe pale pa kulala chali.