Pengo la Meno Mawili

Probox ya Ogalo inakufia Riat.
Si Kondele, si Mamboleo kwenye tambarare:
ni Riat, katikati ya mlima, injini ishapata moto,
magunia manne ya omena nyuma, jua la saa saba.
Haikohoi. Inakatika
kama mtu aliyenyang'anywa neno mdomoni.
Anangoja nusu saa. Inawaka. Inamcheka.

Plagi ameshabadilisha. Pampu ya mafuta, mpya.
Betri kauziwa na shemeji yake
(hapo nikanyamaza).
Jirani kamwambia ni kijicho.
Ni jicho kweli, nikasema, ila la gari lenyewe.

Kuna kisensa, hakizidi kidole gumba,
kimejibanza ubavuni mwa krenki
kikihesabu meno ya gurudumu linalopita mbio:
thelathini na manne, kisha pengo la mawili.
Ni lile pengo linalokiambia: mwanzo ni hapa,
cheche ipigwe sasa.

Nyanya yangu wa Seme aling'olewa sita ya chini
angali msichana.
Hadithi zake zote zilitokea hapo.

Sikukimbilia duka la spea.
Nilivuka mtaro nikaazima draya kwa Lavenda wa saluni,
wateja wake wawili wakanifuata, vichwa vimelowa,
waone gari likikaushwa nywele.
Mita ikasoma elfu moja mia mbili.
Mia nne.
Mia sita na kitu.
Kisha tarakimu zikafutika, ubao mtupu.
Nikazima. Tukanywa chai. Kilipopoa
zikarudi zote, bila haya.

Ndani mna uzi, unywele ni mnene kwake,
umekatika lakini haujaachana:
joto likipanda kila ncha inakwenda kwao,
likishuka wanarudiana.

Boliti moja. Spana namba kumi,
ile inayopotea kila Ijumaa.
Nikapangusa oili kwenye soketi, nikatia kipya, nikabana.
Ogalo akakishika kile cha zamani kiganjani.
"Haka?" akasema. "Haka ndiko kamenilaza barabarani
mwezi mzima?"
Nadhani alitaka kitu kikubwa zaidi cha kuchukia.

Tukapanda Riat pamoja, harufu ya omena na sisi,
gia ya pili, sindano ya joto imesimama wima.
Tulipofika pale pake, penye jiwe alilozoea
kuweka nyuma ya gurudumu,
injini haikukatika.
Ni mguu wake ulioinuka wenyewe.

Kanyaga, nikamwambia.