Programu ya Nne

Tangu Jumapili mume wangu amesakinisha tatu.
Hii ni ya nne.
Ireneusz, miaka thelathini mwendesha winchi
katika bandari ya Gdynia,
sikio la kushoto aliliacha hukohuko
kati ya minyororo na ving'ora,
leo ananiambia, kwa uso wa daktari,
kwamba programu ya kwanza ina vumbi kwenye vinanda.

Vumbi, Ireneusz?
Vumbi nalijua mimi. Nimelifuta miaka yote hiyo
juu ya spika zako mbili, nzito kama magunia ya saruji.

Ya pili, anasema, sauti yake nyembamba,
supu iliyoongezwa maji mgeni alipobisha hodi.
Ya tatu si mbaya, ila ni ya bure,
na cha bure, kwake yeye,
ni kitu ambacho kasoro yake haijajitokeza.
Ya nne ameilipia zloti mia mbili na kumi.
Risiti nimeiona. Aliikunja mara nne
akaificha ndani ya kopo la majani ya chai,
katika nyumba ambayo chai hupika mimi.

Hii inapita moja kwa moja, ananifundisha,
hakuna biti inayoguswa njiani,
kama barua inayofika bila kufunguliwa na mtu.
Mfano huo nimeupenda.
Nilikulia zama ambazo barua zilifika zimeshafunguliwa.

Basi jana usiku nikamwambia: geuka, tazama dirisha.
Nitacheza moja, kisha nyingine, wewe useme.
Akageuka. Mikono nyuma, kama mtoto wa shule.
Nikachagua selo, ile fidla kubwa
ikaayo kati ya magoti.

Nikabofya ya tatu.
"Hiyo ya pili," akasema. "Supu."
Nikabofya ya tatu tena.
"Ah! Sasa hewa imeingia. Unasikia upinde unavyouma uzi?"
Nikabofya ya tatu mara ya tatu,
nikapandisha sauti kidogo tu, unene wa ukucha,
naye akapiga paja:
"Ya nne! Pesa haisemi uongo!"

Sikusema neno.
Katika ndoa ndefu ukweli nao
una kitufe chake cha kupunguza sauti.
Waliosema mchagua nazi hupata koroma
hawakumwona mtu anayeitikisa nazi yake
kando ya sikio moja bovu,
macho kayafumba, anatabasamu.

Lakini mimi, mwenye masikio mawili mazima,
chini ya selo nilisikia kitu, kila mara kilekile:
mmm, noti moja isiyoandikwa popote,
kaidi, haipandi haishuki.
Nikadhani ni waya. Nikadhani ni kadi ya sauti.
Nikaifuata kwa soksi hadi jikoni.

Friji.
Friji tuliyonunua mwaka alioolewa Jagoda,
ikighani peke yake, nje ya mahadhi.

Nikaichomoa.

Jamani, ukimya ule!
Ulikuja polepole, kama macho yanavyozoea giza.
Niliporudi, selo ilikuwa imeketi chumbani.
Kabla ya noti ya kwanza mpigaji alivuta pumzi puani,
na kiti chake kikalia, kama hiki chetu.

Ireneusz alikuwa bado hajageuka.
"Umefanya nini?" akaliuliza dirisha.
"Nimebadilisha mpangilio mmoja."
"Uache hivyohivyo," akasema.

Tukauacha hivyohivyo.

Asubuhi siagi ilikuwa imekuwa mafuta,
samaki wa chumvi ameanza kutoa maoni yake,
na chini ya mlango wa friji kidimbwi.
Alisimama akikitazama, kisu cha mkate mkononi.
Kisha akaichomeka, taratibu,
akainama na sikio lake zima.

Mmm, ikasema friji.
"Mmm," akasema Ireneusz.

Nikafungua kopo, nikachota majani.
Risiti nikaiacha palepale.